Siku moja maishani mwangu: kurudia picha za kale Mikindani

Jamaa zangu wa Mtwara mjini wananijua kama mpiga picha za harusi na za pasipoti, na kuhusu kazi yangu nyingine husema tu kwamba ninalipwa kwa kupiga picha kuta. Si uongo mtupu. Hupewa picha ya mtaa iliyopigwa enzi za Wajerumani, nikatafuta mahali hasa aliposimama mpiga picha wa wakati ule, nikasimama papo hapo saa ile ile, ili mtazamaji akiziweka mbili hizo pamoja aone maisha ya kila siku yamebadilika wapi na wapi yamebaki vilevile. Jozi ikikamilika ninalipwa; isipokamilika, nauli ni yangu.

Saa kumi na mbili asubuhi ninakunywa chai kwa mihogo ya kuchemsha, ninakagua betri na kupanda daladala. Mikindani ni kama kilomita kumi tu, kwa hiyo saa moja na nusu nimekwisha kufika.

Picha ya leo inaonyesha nyumba ya mawe ya matumbawe, wanaume wanne wameketi barazani, mwanamke anayepita amegeuka ukungu kwa kuwa hakutulia mbele ya lenzi, na juu ya kilima unaonekana mnara wa Boma, ngome ya Wajerumani. Boma lilijengwa mwaka 1895, hivyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. (Wapita njia hudhani kila mwenye kamera hapa anamtafuta Livingstone, aliyeingia bara kutokea Mikindani mwaka 1866, wakati ambapo Boma hilo halikuwapo.) Majira nayo husomeka katika kivuli. Tuko nyuzi 10 hivi kusini mwa ikweta, na kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la adhuhuri hupita upande wetu wa kaskazini. Ni kuanzia takriban wiki ya tatu ya Oktoba hadi ya tatu ya Februari tu ndipo linapopita kusini, na upenu ukaangusha kivuli mbele ya ukuta unaotazama kaskazini. Katika picha yangu kivuli hicho kipo, chembamba, kama shubiri mbili. Ndiyo maana ninafanya kazi hii Novemba, katika joto ambalo mwenye akili zake hulikimbia.

Kuanzia saa mbili nilikuwa nikisogeza stendi ya kamera hatua kwa hatua. Nikienda kulia mnara ulijificha nyuma ya paa, nikienda kushoto ulitokeza mno, na hata nilipoupata mstari wake, bado ulisimama juu ya paa kuliko unavyosimama katika picha ya kale. Nilipokuwa ninahangaika na hilo, saa nne na nusu, fuso lililojaa magunia ya korosho likaegeshwa mbele yangu, dereva akashuka kwenda kula.

"Anarudi sasa hivi, bosi," alisema utingo.

Hiyo sasa hivi ilikuwa zaidi ya saa nzima, na ndani yake akanijia mzee mmoja wa mtaa huo. Nilimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye stendi.

"Mnapima nini tena?"

Nilimweleza kwamba sipimi. Akaniuliza fidia italipwa kwa chumba au kwa nyumba nzima. Nilimweleza tena. Akawaita majirani wawili waje kumwona mtu wa kuweka ukutani alama ya X nyekundu, ile ya nyumba za kubomolewa, nami nikaanza maelezo kwa mara ya tatu, jasho likinitiririka mgongoni, huku nikikiangalia kivuli kinavyojongea. Mwishowe nikampa picha ya kale. Boma hakulitazama kabisa, alikodolea baraza.

"Hapa si hapa. Baraza hili lina ngazi moja. Hizi ni tatu."

Nilikasirika, nakiri, maana asubuhi yangu yote ilikuwa pale. Nilimwonyesha mlango, nikamwonyesha ufa wa ukuta. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema taratibu kwamba utotoni alikuwa akiketi kwenye ngazi ya pili, na kwamba kila barabara ilipotengenezwa kilimwagwa kifusi juu ya kifusi. Ngazi mbili zimo chini ya miguu yetu. Ndipo nilipoelewa tatizo la mnara: nilikuwa nimesimama juu kuliko mwenzangu wa zamani.

Dereva alirudi saa sita kasoro dakika kumi. Niliishusha stendi mpaka nikalazimika kupiga magoti juu ya lami, bodaboda zikinipigia honi, na mnara ukashuka ukakaa panapostahili. Barazani palikuwa na mama anayeuza samaki wa kukaanga na kijana anayechaji simu, sikuwapanga. Wanaoniambia kwamba zamani mitaa ilikuwa na utulivu husahau kwamba lenzi ikiachwa wazi kwa muda, anayetembea hufutika na anayeketi ndiye hubaki. Mzee naye aliketi bila kuombwa, karibu kabisa na alipoketi wa pili kutoka kushoto, akaitazama bahari.

Mchana uliobaki ni chakula, daladala, magoti yanayouma na kompyuta hadi usiku. Nilipomaliza kukunja stendi, mzee alinisindikiza mpaka kituoni.

"Haya, kijana," alisema. "Na hiyo X mtakuja kuiweka lini?"