CPC kwa manjano: kichupa kwanza, mashine baadaye

Unga wa rangi ya chungwa unaotolewa kwenye manjano na kuuzwa kwa jina la kukumini huwa na ndugu watatu ndani ya pakiti moja: kukumini yenyewe, ambayo ni kama robo tatu ya uzito, kisha demethoksikukumini, na bisdemethoksikukumini kidogo. Kinachowatofautisha ni vikundi vya methoksi (OCH3) tu: wa kwanza anavyo viwili, wa pili kimoja, wa tatu hana. Ukijaribu kuwatenganisha kwa kugandisha fuwele utachoka, maana demethoksi hupenda kuganda pamoja na kukumini. Kwenye silika, kigumu cha kunasa kampaundi katika kromatografia ya kawaida, wanaburuta mkia, na sehemu ya mzigo inang'ang'ania humo humo. Hapa ndipo CPC, yaani kromatografia ya mgawanyo kwa nguvu ya mzunguko, inaporudisha gharama yake.

Ndani ya mashine hamna silika wala kigumu chochote cha kunasa kampaundi. Kuna rota yenye mamia ya vijumba vidogo vilivyounganishwa kwa njia nyembamba. Unachanganya viyeyushi hadi vijigawe matabaka mawili. Tabaka moja linashikiliwa vijumbani na nguvu ya mzunguko, jingine linasukumwa na pampu na kulipenya kwa matone. Kampaundi inayopenda tabaka linalotembea hutoka mapema, inayopenda lililotulia huchelewa. Ulichoingiza chote kinaweza kutolewa.

Lakini mashine haitenganishi kitu ambacho kichupa cha mezani kimeshindwa kukitenganisha. Wengi huwasha rota kwanza, wakaja kulaumu rota.

Kwa manjano, mchanganyiko mzuri wa kuanzia ni heksani, klorofomu, methanoli na maji kwa uwiano wa 5:10:7.5:2.5. Kwa lita 2 hiyo ni heksani mililita 400, klorofomu 800, methanoli 600 na maji 200. Tikisa kwenye faneli ya kutenganishia, fungua bomba mara kwa mara kutoa mvuke, kisha acha vitulie. Tabaka la chini ndilo la klorofomu.

Sasa kichupa. Weka miligramu 1 au 2 za unga, ongeza mililita 2 za kila tabaka, tikisa dakika moja, halafu simamisha ukiwa na saa mkononi. Matabaka yakichukua zaidi ya nusu dakika kutengana, ujue rotani yatasumbua. Yakitulia, chota mililita 1 juu na mililita 1 chini kwa sirinji mbili tofauti, kausha, yeyusha tena kwa methanoli na pima kwenye HPLC (kromatografia ya kimiminika kwa shinikizo kubwa) kwa nanomita 425. Gawanya eneo la kilele cha tabaka litakalokaa kwa eneo la tabaka litakalotembea. Jibu ndilo K, na kila ndugu ana K yake.

Unatafuta K kati ya 0.5 na 2.5 hivi, na kila moja iizidi ya jirani yake kwa angalau mara moja na nusu. Ukipata 0.9 na 1.1, rudi kwenye viyeyushi. Ikiwa tabaka la chini ndilo linalotembea na K zote ni ndogo mno, klorofomu inawapenda kupita kiasi. Ongeza heksani kidogo, itadhoofisha tabaka la chini na kuwasukuma juu. Usizidishe lakini: heksani ni nyepesi, na kila unapoiongeza uzito wa tabaka la chini unakaribia wa lile la juu. Tofauti ya uzito ikipotea, rota haina cha kushika.

Hesabu ya lini kitatoka ni rahisi: ujazo wa kutokea ni ujazo wa tabaka linalotembea, jumlisha K mara ujazo wa tabaka linalokaa. Chukua rota ya mililita 250 iliyobakiza asilimia 70 ya tabaka lililotulia, yaani mililita 175 dhidi ya 75. K ya 0.5 inatoka kwenye mililita 162.5, K ya 1 kwenye 250, K ya 2 kwenye 425. Kwa mililita 8 kwa dakika, wa mwisho huyo anahitaji dakika 53.

Jaza rota kwa tabaka la juu katika mwelekeo wa kupanda, kwa mzunguko wa taratibu, kama 500 kwa dakika. Kisha geuza kuwa kushuka, pandisha hadi 2000 hivi bila kuvuka kikomo cha mtengenezaji, na anza kusukuma tabaka la chini. Kinachotoka mwanzoni ni tabaka la juu lililofukuzwa: kipokee kwenye silinda ya kupimia. Tabaka la chini likianza kutoka na la juu likakoma, soma silinda, toa ujazo wa mirija, na hapo unajua umebakiza kiasi gani. Chini ya nusu, simama.

Sampuli iyeyushwe kwenye matabaka yote mawili kwa nusu kwa nusu, ichujwe kwa mikroni 0.45. Anza na miligramu 100 ndani ya mililita 10. Mzigo mkubwa hugeuza tabia ya matabaka yenyewe, na tabaka lililotulia huanza kuvuja. Kukumini itatangulia, bisdemethoksi itafunga safari. Raha ya manjano ni kwamba unayaona: mrija wa kutokea unageuka njano, unafifia, unageuka tena. Usitegemee macho tu, kila chupa ya tano unayokusanyia ipitishe kwenye TLC, yaani kromatografia ya tabaka jembamba.

Mstari wa kigunduzi ukitetemeka kama nyasi, ni matone ya tabaka lililotulia yanapita. Yakiwa machache, kiungo cha T chenye methanoli kidogo kabla ya kigunduzi kinayayeyusha. Yakizidi, punguza kasi ya pampu. Sababu nyingine ni jotoridi, na hii hupuuzwa sana: matabaka yametulia usiku kwenye chumba chenye kiyoyozi, rota imepata joto la kuzunguka, na uwiano umebadilika ndani kwa ndani. Yaache matabaka chumba kimoja na mashine, na yatoe hewa kabla ya kuyatumia.

Kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kutoa hewa. Ukimaliza, sukuma kilichobaki kwa tabaka la juu lenyewe, kisha osha kwa methanoli au ethanoli. Asetoni isikaribie chupa ya taka ya klorofomu: ikikuta alkali humo, inaweza kulipuka.