Pangaboi

Usiku wa nne huu usingizi hauji. Pangaboi la chumba tulichopanga hapa Fort Kochi, India, linazunguka juu ya kitanda, na kila nikilitazama namsikia mama: "Kumbe pangaboi alikuwa mtu."

Wiki yenyewe ilijaa mambo. Mama ametolewa nyuzi, daktari karidhika na valvu mpya ya moyo, na kule Malindi shemeji kajifungua pacha. Mungu ashukuriwe kwa yote. Lakini kinachonikesha ni maneno ya Jumanne, ndani ya kanisa la Mtakatifu Francis.

Mama ndiye aliyetaka twende. Amekua akiiona kule Malindi nguzo ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno, na msalaba wake unaotazama bahari, na aliposikia kwamba mwenyewe alizikwa hapa, akasema harudi nyumbani kabla hajalifikia kaburi. Kaburi ni tupu. Vasco da Gama alifia Kochi mkesha wa Krismasi wa 1524, akazikwa kanisani humu, na miaka kama 14 baadaye mifupa yake ikapelekwa Ureno. Limebaki jiwe sakafuni, limezungushiwa reli. Mawe mengine ya makaburi yaling'olewa chini yakapachikwa kutani, ya Wareno upande mmoja, ya Waholanzi upande wa pili. Wareno walisalia hapa Kikatoliki, Waholanzi wakalitwaa kanisa 1663, wakaja Waingereza, na leo ni la Kanisa la India Kusini, ndugu wa Anglikana yetu. Hilo lilimfurahisha mama. Akaketi kama aliyeketi kwao.

Alipoinua macho akaona vitambaa virefu vimening'inia juu ya viti, na kamba zinazopenya ukutani kwenda nje. Akamuuliza mzee anayelitunza kanisa, mimi nikitafsiri. Yule mzee akasema zile ni panka, na kwamba zamani kulikuwa na boi nje, akivuta kamba ibada nzima ili waliomo ndani wapate upepo.

"Panka. Boi." Mama alirudia polepole, hakuhitaji tafsiri. "Panka-boi. Kumbe pangaboi alikuwa mtu."

Kisha akauliza: "Na yeye alisali saa ngapi?"

Nami nikajibu: "Mama, hilo ni neno tu."

Neno tu! Miaka 11 naandika ubaoni pangaboi, mapangaboi, nawauliza wanafunzi ngeli yake, wakijibu vizuri nawapongeza. Na ninayemwambia hivyo ni binti wa boi. Babu alimpikia na kumfulia Mzungu mpaka mvi zikamjaa, na watoto wa nyumba ile walimwita boi mbele ya watoto wake mwenyewe. Mama hakunijibu kitu. Alijifunga leso yake upya, tukatoka.

Nimejaribu kujitetea kwa Zaburi ya 84, ile ya kupenda kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu. Haikubali. Mtunga zaburi aliutaka mlango ule kwa moyo wake, huyu wa kamba aliwekwa pale. Nawaza mkono wake ulivyochoka kati ya mahubiri, na jinsi kamba ilivyotikiswa kutoka ndani upepo ulipopungua. Wakiimba kuhusu damu iliyomwagwa kwa wote, sauti ilimfikia kwenye tundu la kamba. Leo asubuhi, zamu yangu ya kumsomea mama, tulikuwa Waebrania 13, na nilipofika pale Yesu "aliteswa nje ya lango" sauti ilinikatika. Mama akanishika goti. Sijui kama alijua ni kwa nini.

Jioni nikamsindikiza ufukweni kwenye nyavu za Kichina. Ni mitambo ya magogo mirefu kuliko nyumba: wavu unazamishwa, kisha wanaume kadhaa wanavuta kamba na mawe mazito yaliyofungwa upande wa pili yanawasaidia kuuinua. Wavuvi wakanikaribisha nishike kamba nami. Mama, kwenye kiti cha kukodi, akaanza kupiga makofi. "Vuta, baba! Vuta!" Wavu ukatoka na visamaki vichache na kaa mmoja, naye akacheka hadi akashika kifua, nami nikaiachia kamba nikamkimbilia. Kumbe ni kicheko tu. Tangu upasuaji sijamsikia akicheka hivyo. Nilifurahi mno, viganja vinawaka moto.

Njiani nikamwambia: "Mama, nisamehe kwa jibu la Jumanne."

Akanyamaza hatua kadhaa. "Babu yako," akasema, "alikuwa anasali akipiga pasi."

Miaka yote hii sikulijua hilo.

Ndege yetu ni Alhamisi. Kaka ameniandikia kwamba kule nyumbani mwembe wa jirani umezidi kuegemea paa la jikoni, na masika yanakaribia. Jirani yuko safarini na simu yake haipatikani.