Nilivyojua umri wa kikombe changu cha sumo bila kujua kusoma Kijapani

Kwanza nianze na wale wanaosema ukitaka kujua umri wa kikombe cha sumo, mieleka ya Kijapani, "geuza kikombe, soma kitako". Tafadhalini, acheni. Kitako kina muhuri wa mfinyanzi au wa karakana, basi. Nimemaliza jioni nyingi nikipiga picha vitako vya vikombe kwa ushauri wa kaka mmoja wa hapa Yokohama, mwenzangu katika biashara ya magari, mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali akasema sijui. Nilipompelekea kikombe changu alikigeuza, akaguna, akakirudisha mezani kama daktari. "Mdogo wangu, hiki ni cha Taiho. Miaka ya sitini. Usikitoe chini ya laki."

Laki ya yeni au ya shilingi, hakusema. Jina la Taiho, bingwa wa sumo wa zamani, alilitoa kwenye herufi moja tu: ile ya kwanza, inayofanana na mtu aliyetanua miguu.

Kikombe nilikiokota kwenye gulio la vitu vikuukuu kwa yeni elfu moja na ushee, pamoja na visahani viwili nilivyolazimishwa. Ni yunomi, kikombe kirefu cha chai kisicho na mkono. Mwili mzima umezungushiwa maandishi meusi ya banzuke, orodha ya vyeo vya wanamieleka. Orodha hii hutolewa upya kabla ya kila mashindano makubwa, na mashindano ni sita kwa mwaka: matatu Tokyo, mengine Osaka, Nagoya na Fukuoka. Kwa hiyo watu wanapanda na kushuka mara sita kila mwaka. Hapo ndipo akili ya kazini ilipoamka. Mtu akiniambia gari lake ni la mwaka fulani simsikilizi, natazama taa na bampa. Nikasema kikombe nacho lazima kina taa zake, na taa zake ni majina.

Tatizo nilikuwa sijui kusoma hata moja. Nikaelekeza simu, programu ya kutafsiri ikaniletea mara supu, mara marufuku. Siilaumu. Banzuke huandikwa kwa brashi na waamuzi wa sumo wenyewe, kwa herufi nene zilizobanana makusudi zisiache nafasi nyeupe, ikiwa ni dua kwamba viti vya uwanjani vijae. Vilevile majina yanapungua ukubwa kadiri unavyoshuka, na yale ya chini kabisa Wajapani wenyewe wanatania kuwa ni ya kusoma kwa lenzi. Juu ya udongo uliopinda, simu itaona nini?

Basi nikaachana na simu, nikatumia mtaa. Sikilizeni hii maana naionea fahari. Herufi ya kwanza ya jina moja nene niliitambua kutoka kwenye noti ya yeni elfu: ni "elfu". Mbele kidogo kwenye jina hilohilo zipo herufi mbili za mlima Fuji, ambazo ukikaa Japani huwezi kuzikwepa. Chiyonofuji huyo! Jina la pili linaanza na "kaskazini", ninayopita chini yake kila siku kwenye mlango wa stesheni: Hokutoumi. La tatu linaishia na "nyeusi", na nyeusi naijua kuliko jina langu kwa sababu imo kwenye karatasi za mnada wa magari: Futahaguro. Na ile ya kaka, ya mtu aliyetanua miguu, mimi naijua chooni. Ndiyo "kubwa" kwenye mpini wa kumwagia maji. Ila Taiho ana herufi mbili, na jina hili lina tatu, ya mwisho ikiwa ileile inayomalizia bango la stesheni ya Ryogoku, ulipo uwanja wa sumo. Onokuni.

Upande wa pili wa mpini huohuo, "ndogo", ukanipa ozeki (cheo cha pili kutoka juu) mmoja: Konishiki wa Hawaii, ambaye katika siku zake nzito alipita kilo 250. Nilicheka peke yangu.

Sasa hesabu. Juu ya majina manne ya kwanza kuna alama zilezile za yokozuna, cheo cha juu kabisa. Onokuni alipandishwa baada ya mashindano ya Septemba 1987. Futahaguro aligombana na mkuu wa kambi yake akaondoka kwenye sumo Desemba mwaka huohuo, bila kutwaa ubingwa hata mmoja. Wanne hao walikaa juu pamoja kwa kitambo kidogo tu! Kikombe changu ni cha mwisho wa 1987, msimu ambao Chiyonofuji alishinda mapambano yote 15 kule Fukuoka. Taiho alikuwa amestaafu tangu 1971.

Orodha za zamani za kulinganisha zipo bure kwenye intaneti. Ukiwa Tokyo kuna pia jumba la makumbusho ndani ya Kokugikan, ule uwanja wa sumo wa Ryogoku. Ukikuta kikombe chenye alama ya kiganja na muuzaji anaapa kwamba mwanamieleka alikishika mwenyewe, mwombe akuonyeshe cha pili. Viganja vitalingana hadi mikunjo, kwa sababu ni chapa ya kiwandani. Madoa ya chai ndani sugua kwa chumvi laini na kidole, taratibu. Mdomo wa dhahabu usiuguse kwa chumvi wala usikiingize kwenye maikrowevu. Kaka yetu aliloweka chake kwenye dawa ya kung'arisha nguo, akakisugua na sifongo ngumu, na dhahabu yote ikaenda na maji.

Wiki iliyopita kaniletea kingine, kimefungwa kwenye gazeti. Kwa mbali nimeona "kaskazini" halafu "bahari". Nimemwambia aniachie, na bei yangu ni chakula cha mchana.