Siku moja maishani mwangu: mkulima wa mwani, Jambiani

Saa kumi na moja alfajiri nishaamka, nasali, nabandika chai na muhogo, watoto waende skuli washashiba. Leo bamvua, maji yatakupwa mpaka mbali, siku kama hizi ukichelewa umekosa shamba.

Saa mbili na nusu tunateremka pwani, mimi na mashoga zangu, magunia na kamba kichwani.

Saa nne maji yapo magotini na jua limewaka. Hapa ndo nataka mnielewe jamani. Tia mkono kwenye maji yaliyobaki huku ndani ya mwamba, ya moto! Na mwani umo humo masaa yote. Mbegu zililetwa hapa Unguja 1989 kutoka Ufilipino, aina mbili, kotonii na spinosam, kotonii ndo yenye bei nzuri na ndo isiyohimili joto. Ukiinua kamba unaona ncha zimepauka nyeupe, laini, ukishika tu zinakatikia mkononi, mara wimbi limebeba lote umebaki na kamba tupu. Basi wengi tumebaki na spinosam, inavumilia kidogo ila bei yake ndogo mno, na kazi ni ileile, mgongo uleule.

Saa sita maji yanajaa, tunabeba magunia nyumbani kuanika.

Saa nane nakula na shemeji yangu mvuvi, naye analia na lake. Matumbawe yalipauka kwa joto la maji 1998, yakapauka tena 2016, na tumbawe likifa changu na chewa hawana pa kujificha wala pa kuzalia. Halafu kuna tindikali: moshi wa magari na viwanda duniani, bahari inameza kama robo ya kaboni dayoksaidi, ile hewa iliyomo kwenye moshi huo, ikichanganyika na maji inaleta tindikali, na tangu enzi za viwanda tindikali ya maji ya juu imepanda karibu asilimia 30, sasa matumbawe na chaza wanapata tabu kujenga mifupa na magamba yao. Viwanda hivyo havipo Jambiani, inaniuma sana hii.

Saa kumi kikao cha kikundi. Kotonii inaweza kupona ikipandwa kina kirefu kwenye maji ya baridi, ila huko hakuendeki kwa miguu. Tumekubaliana tuombe boti, nyavu za kupandia, na mwanamke mwenzetu wa kutufundisha kuogelea, maana wengi wetu hatujui.