Mrija usio na kiuno: kumtambua Candida albicans kwa seramu

Kwenye sahani ya kuoteshea, kwa nyuzijoto 30, fangasi Candida albicans ni seli za mviringo zinazochipua kama hamira. Zitie kwenye seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda) kwa nyuzijoto 37, na kila seli huanza kutoa mrija mwembamba. Huo ndio mwanzo wa uzi unaopenya tishu. (Histoplasma, fangasi mwingine, hufanya kinyume: ni nyuzi udongoni, hamira mwilini.)

Joto hufanya kazi ya kulegeza breki. Protini ya Hsp90 huuzuia uzi usiote, lakini joto likipanda hulemewa na kazi ya kutunza protini nyingine. Hata hivyo joto peke yake ni kichocheo dhaifu, ndiyo maana tunatumia seramu.

Weka mililita 0.5 ya seramu ya ndama kwenye tyubu ndogo. Ya binadamu inaweza kubeba virusi vya homa ya ini. Gusa kidogo koloni iliyooteshwa kwa saa 24, koroga, kisha acha kwa nyuzijoto 37 kwa saa 2 hadi 3. Dondosha tone kwenye slaidi, funika, tazama kwa hadubini, lenzi ya 10 halafu ya 40.

Tazama pale mrija unapoungana na seli mama. Mrija wa kweli una kingo sambamba na hauna kiuno. Ukiona pamebanwa, hicho ni chipukizi kilichorefuka tu, wala usikihesabu.

Kosa ninaloliona zaidi ni kutia fangasi wengi mno. Seramu iwe na ukungu hafifu tu. Seli zikisongamana, farnesoli, kemikali wanayoitoa fangasi wenyewe, huzuia mirija, na jibu hutoka hasi kwa uongo. Kosa la pili ni kuchelewa: baada ya saa 3, C. tropicalis, Candida wa spishi nyingine, naye anaweza kutoa kitu kinachofanana na mrija. Kwa hiyo kila siku ya kipimo endesha tyubu mbili za udhibiti, yaani za fangasi unaowajua tayari, moja ya C. albicans na nyingine ya C. tropicalis. Ya kwanza isipotoa mirija, seramu yako haifai, na majibu yote ya siku hiyo yarudiwe.

Jibu hasi halimwondoi C. albicans moja kwa moja, kwani baadhi ya aina zake hazitoi mrija. Na jibu chanya linaweza kuwa la C. dubliniensis, spishi nyingine ya Candida. Kuwatofautisha, otesha kwa nyuzijoto 45: C. dubliniensis kwa kawaida hukwama, ilhali C. albicans wengi huendelea kukua.