Siku niliyokopeshwa chakula Žižkov

Kosa lilikuwa la koti. Asubuhi ile simu ilikuwa inasoma -8, na mi mtoto wa Iringa nilikuwa najidanganya kwamba baridi naijua, si tunaamka nayo kila Juni, ila baridi ya Praha, mji mkuu wa Cheki, mwezi wa kwanza ni kitu kingine kabisa, inaingia mpaka kwenye fizi. Jamaa niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja hosteli kule Strahov, Mkenya mmoja wa Kisii, akaniangalia navyotetemeka akasema brathe vaa hili langu, ukifa huku nani atakusafirisha. Nikavua langu nikavaa lake nikatoka. Waleti ikabaki kwenye langu. Hilo sikulijua mpaka inakaribia saa nane mchana, na hapo nilikuwa nimeshakula nimeshiba.

Ilikuwa Alhamisi, 24 Januari 2013. Tarehe naikumbuka kwa sababu kesho yake Wacheki walikuwa wanaanza kupiga kura duru ya pili, mara yao ya kwanza kumchagua rais wenyewe, maana huko nyuma kazi hiyo ilikuwa ya bunge. Walibaki wawili, Zeman na Schwarzenberg, na mjini kila kijana amebandika kifuani beji ya Schwarzenberg kachorwa na kiduku cha pinki. Mzee wa miaka 75, kiduku! Nilicheka wiki nzima.

Mi nilikuwa nimeenda Žižkov, mtaa mmoja wa Praha, kuangalia chumba cha kupanga, nashuka tu kwenye tramu namba 9 mwenye nyumba ananipigia, pole kijana kimeshachukuliwa. Nikabaki nimeukodolea macho ule mnara wao wa televisheni, mita 216 kwenda juu na masanamu ya watoto wachanga yanaupanda kwa kutambaa, kazi ya msanii David Černý, watoto wenyewe hawana nyuso. Ukiwa na njaa usiyaangalie muda mrefu.

Kamgahawa nilikaona kwa sababu ya vioo. Vilikuwa vimetoa jasho huoni ndani, na ukiona hivyo kwenye baridi ujue mna watu wengi na sufuria ziko motoni. Meza sita tu. Mafundi wamevaa ovaroli zina vumbi la saruji, mabibi wawili na mbwa wao chini ya meza, watu wa ofisini, makoti yamerundikwa kwenye misumari ukutani, na moshi wa sigara juu kwenye dari (enzi hizo ruksa, wamekuja kupiga marufuku 2017). Ubaoni wameandika kwa chaki chakula cha mchana, kitu kikiisha mama mhudumu anapita anakifuta kwa kiganja, hana muda wa kutafuta dasta. Ukishachelewa ndo hivyo, unakula kilichobaki.

Nafasi ilikuwa moja, mbele ya mzee mmoja mwenye masharubu. Kule kukaa meza moja na usiyemjua ni kawaida, unauliza tu pako wazi? Nikauliza kwa Kicheki changu cha darasani, maana nilikuwa nimekaa mwaka mzima mji wa Poděbrady nasomeshwa lugha kabla ya chuo. Mzee akaitikia kwa kichwa bila kuniangalia. Alikuwa anabishana na vijana wawili wa meza ya pili, wenye beji za kiduku, na kwa nilivyoelewa yeye ni mtu wa Zeman na hataki mjadala. Mdomoni shikamoo ilinijia ikarudi.

Mama akaja, wa miaka hamsini hivi, akasema "Polívku?" Sekunde kadhaa sikuelewa. Poděbrady tulifundishwa supu ni polévka, kumbe Praha mtaani wanasema polívka, yaani ni sawa na mtu amefundishwa Kiswahili cha kitabuni afu ashushwe Kariakoo sokoni. Nikakubali tu. Supu yenyewe ubaoni iliandikwa dršťková, neno ambalo ukilitamka ulimi unajikunja, sikujua ni nini na nikaona haya kuuliza.

Ikaja. Utumbo! Ndugu zangu, supu ya utumbo, umekatwa mwembamba kama tambi, rojo jekundu la paprika, kitunguu saumu cha kutosha na majani fulani wanaita majoránka yanayonukia mpaka kwenye masikio. Muda mrefu nilikuwa sijaonja supu ya utumbo. Nyumbani ningepewa chapati, hapa wakanipa kijimkate kirefu chenye mbegu za kisibiti na chumvi juu, nikachovya hivyo hivyo. Bakuli nililimaliza mzee hajafika hata nusu ya lake.

Afu ikaja svíčková. Hii Wacheki kila mmoja atakwambia ya mama yake ndo bora, hawaelewani. Ni nyama ya ng'ombe ya kuchemsha taratibu na karoti, mizizi ya seleri na ya pasili, pilipili manga na majani ya bay, zile mboga zinasagwa na krimu inakuwa mchuzi mzito wa rangi ya maboga, una utamu na uchachu kidogo. Juu ya nyama kipande cha limao, juu ya limao jemu ya matunda mekundu, na juu ya jemu krimu ya keki. Mi nikajua jikoni wamechanganya sahani, hii ni ya mtu wa keki. Nikaisogeza pembeni kwa kijiko. Mzee akaacha kubishana. Akaniangalia mara ya kwanza tangu nikae, akarudisha krimu yangu kwenye mchuzi kwa kisu chake yeye mwenyewe, akaichanganya, akarudi kwenye siasa.

Na pembeni knedlíky, vipande vitano vya kitu kama mkate uliopikwa kwa mvuke, laini, vyeupe. Kutoka nilipokaa nilikuwa naona kidirisha cha jikoni, na mpishi anavyovikata ndo kulinifurahisha kuliko kitu chochote siku ile. Hatumii kisu. Ana gogo zima la knedlík linatoa moshi, anapitisha uzi wa kushonea kwa chini, anaukutanisha juu, anavuta, tap, kipande kimeanguka. Anasogeza uzi, anavuta, tap. Kisu kingeliminya lishikane, uzi unapita safi. Bibi yangu alikuwa anakata sabuni ya mche kwa uzi, namna ile ile.

Sasa kitu laini, cheupe, mchuzi umejaa, mkono ukaniponyoka. Nilimega knedlík nikafanya tonge nikachovya. Mmoja wa wenye beji akacheka. "Vidličkou," mzee akasema, kwa uma, na akanionyesha: unadunga kipande, unakisukuma kwenye mchuzi kama unadeki sahani, mpaka ibaki inang'aa. Hiyo staili ya kula kwa uma niliizoea baadaye, ila tonge lilikuwa tamu zaidi, nasema ukweli.

Nikasema nalipa. Mama akaja na kile kikaratasi chao chembamba wanachoandikia ulichotumia, bia ni kistari kimoja. Supu 20, svíčková 99, bia moja 28. Jumla korona 147, hela yao. Mkono mfukoni, hamna. Mfuko wa pili, hamna. Wa ndani nikapata mafuta ya midomo, risiti, na sarafu moja ya bob 20 ya Kenya. Kwa mshtuko nikaiweka mezani. Mzee Kenyatta akawa anatuangalia wote watatu.

Kicheki chote kikaruka. Nilibaki kusema koti, rafiki, koti, rafiki. Hata kadi ya usafiri ilikuwa kwenye waleti, maana yake nilikuja na tramu bila tiketi na sikujua, na Strahov ni ng'ambo ya mto kule juu kilimani. Nikajua sasa naitiwa polisi. Mama akaigeuza ile sarafu, akaichukua, akaandika kitu juu ya kikaratasi, akakibana na sarafu karibu na mashine ya kahawa. Kama mangi wa dukani na daftari lake la madeni. Tena mangi wa kwetu alikuwa ameandika ukutani leo fedha kesho mkopo.

"Zítra," akasema. Kesho.

"Zítra," mzee akarudia, kidole juu, "ne pozítří." Kesho, sio keshokutwa. Afu akatoa tiketi ya tramu ya korona 32 kwenye waleti lake akaisukumia upande wangu bila neno.

Ijumaa saa sita na nusu nilikuwa mlangoni, waleti nimeishika mkononi kabisa. Mzee alikuwepo, kavaa suti na tai, vituo vya kura vilikuwa vinafunguliwa saa nane. Nikamrudishia tiketi mpya, akaigeuza mbele na nyuma kuangalia kama haijagongwa, ndipo akaitia mfukoni. Mama nikampa 150 nikamwambia ibaki. Akakileta kikaratasi akakichana mbele yangu, nikawahi kusoma alichoandika juu kwa kuwa jina langu hakulijua: Čepice, kofia. Nilikuwa nimevaa kofia ya sufu ya Yanga, kijani na njano, sikuivua hata wakati wa kula. Basi miaka yote mitatu niliyoendelea kwenda pale nikawa pane Čepice, bwana Kofia.

Sarafu nikaiulizia. Akashika shavu, akacheka kwa aibu: mjukuu wake anakusanya sarafu, jana jioni alishampa, na kaniletea supu bakuli la pili bure badala yake. Nikanywa. Yule Mkisii yuko Nairobi sasa, na kila tukiongea kwenye simu lazima anikumbushe bob 20 yake.