Sikusaini

Jana shuleni kwa mwanangu waliniwekea karatasi mezani: ahamishiwe darasa la pembeni, la watoto wenye mahitaji maalumu tu. Wao sita, mimi peke yangu, Kiingereza cha kasi. Nikaomba mkalimani. Hapa Marekani IDEA, sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, inawataka wamlete, mzazi halipi kitu, na mimi mama ni mmoja wa wanaoamua. Kikao kikaahirishwa.

Wazazi wenzangu, msisaini kwa kuona haya! Bila idhini yako ya maandishi hawawezi kumwanzishia mtoto huduma za elimu maalumu mara ya kwanza. Hukubaliani na vipimo walivyomfanyia mtoto? Una haki ya kuomba vipimo huru, vya mtaalamu asiye wao, kwa gharama ya wilaya ya shule.

Mwanangu anaelewa jamani, ila polepole. Leo kaenda darasani kwake kulekule, kwa rafiki zake.